Mwenyekiti Alipoacha Kututukana

Mtu wa kwanza kuniambia waziwazi kwamba sitafaa kitu duniani alikuwa Mwenyekiti, na aliniambia nikiwa nimeshika jembe. Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Zombe, kwa likizo yangu ya kwanza kutoka chuo kikuu, nimevaa suruali iliyopanuka chini kama kengele. Mguu wa mama ulikuwa umevimba, kwa hiyo alinituma nikashike nafasi yake kwenye mwethya. Mwenyekiti alipita nyuma yangu, akautazama mtaro niliouhangaikia asubuhi nzima, akatema mate pembeni.

"Profesa," akaniita, na hajaacha kuniita hivyo ingawa uprofesa sijawahi kuuonja, "hii ni mtaro ama ni njia ya nyoka?"

Wanawake waliangua kicheko wakiwa wameinama vivyo hivyo, bila kuacha kulima. Mimi nilijaribu kueleza kitu kuhusu ugumu wa udongo.

"Udongo hausomi," alisema. "Chimba."

Mwethya, kwa asiyetujua, ni majirani kuungana kulimiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Katika mteremko wetu mwekundu kazi kubwa ilikuwa mitaro ya fanya juu, ile unayochimba ukitupa udongo upande wa juu ili tuta lishike maji ya mvua kabla hayajakimbilia mtoni na shamba lako lote. Wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara, kwa hiyo mwethya wetu ulikuwa wa wanawake, na wanawake walikuwa wa Mwenyekiti. Hakuna aliyekumbuka kumchagua. Alikuwa na filimbi, na ilitosha.

Filimbi ilikuwa ya bati, imefungwa kwa uzi wa mkonge, na ililala kifuani mwake hata kanisani. Sheria alizitunga mwenyewe. Ukiisikia filimbi, unatoka na ulicho nacho mkononi. Usipotoka bila sababu, utawatekea wenzako maji siku ya kazi. Na ukiwa mgonjwa, kikundi kinakuja kwako, kinakulimia, kinakutekea maji, kinakuokotea kuni, mpaka upone. Sheria hii ya mwisho aliipenda kuliko zote. Alisema mgonjwa anayewaza shamba lake haponi.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa viatu vya kiume vya marehemu mumewe. Alitembea akisuka kiondo, vidole vikizungusha nyuzi bila yeye kuvitazama, kwa sababu macho alikuwa na kazi nayo: alikuwa anatukagua. Aliamini anaweza kumtambua mgonjwa kutoka ng'ambo ya mto. "Wewe una minyoo," aliwaambia watu njiani badala ya salamu. "Wewe, hiyo shingo, mwambie bwana yako apunguze maneno." Mara nyingi alikosea. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alizunguka muhula mzima akiamini ana ugonjwa wa ini, kumbe alikuwa amebadilisha tu aina ya mafuta ya kujipaka. Lakini alipopatia hakuacha kutukumbusha.

Kusifu hakujua. Cheo cha juu kabisa cha sifa zake kilikuwa maneno mawili, "haiko vibaya", na nimewahi kuona mwanamke mzima akienda kuyasimulia hayo kwa mumewe kama aliyeshinda bahati nasibu. Nilipomaliza shahada yangu mama alimpelekea habari. Mwenyekiti alifikiri. "Haiko vibaya," alisema. "Inaliwa?"

Msinielewe vibaya, sikumpenda. Alichosha. Alichukia uvivu lakini alilala ibada nzima kila Jumapili, kichwa kimeegemea nguzo, akaamka wakati wa kufunga akilalamika kwamba mahubiri ya siku hizi hayana nguvu. Alikemea ugoro kama mchungaji, akaufunga fundoni kwenye leso yake. Ukimkatalia jambo alikusikiliza kwa makini, akitikisa kichwa, kisha akalirudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi. Mama yangu, rafiki yake wa karibu, alirudi nyumbani kutoka mwethya kila mara akitupa jembe chini: "Huyo mwanamke! Siku moja Mungu atamfunga mdomo, na mimi nitachinja jogoo."

Mungu alisikia. Hapo ndipo hadithi yangu inaponiudhi, maana mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na ulikuwa mwaka mzuri. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi wote tulijikwaa hapo. Mwaka wa njaa, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada na ng'ombe walikuwa mifupa inayotembea, Mwenyekiti alisimama kama mlingoti, akitukana ukame wenyewe. Sasa mvua ilikuwa imenyesha, mbaazi zimejaa maua, wanawe wana kazi, hakuna aliyekufa. Akaanguka.

Hakuanguka kwa kishindo. Alinyamaza tu. Mama alichimba kipande cha mtaro kilichopinda, kwa sababu mguu ule haukupona vizuri kamwe, akangoja tusi. Mwenyekiti alipita, akatazama, akaendelea. Mama alirudi nyumbani akiimba. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo kwa wengine. Wanawake wakaanza kuchelewa, hakusema neno. Mchungaji wetu, mtu mwema ambaye Mwenyekiti alikuwa amemkosoa tangu alipofika, alimsimamisha mbele ya kanisa akashukuru kwamba Bwana amempa mama huyu roho ya upole. Tukapiga makofi. Mwenyekiti alisimama pale mikono imening'inia, halafu akaketi. Wala hakulala usingizi katika ibada ile. Alikaa macho wazi mpaka mwisho, akitazama mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yake. Kanisa zima lilimsifu kwa kuugua.

Dalili zilikuwa zimetapakaa kama kuku uani. Kiondo chake kilikuwa kwenye mzunguko uleule tangu mbaazi zikiwa changa. Muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, aliowapikia wageni haukuwa na chumvi, naye aliula bila kugundua, vijiko viwili, akasukuma sahani. Alisema hapati usingizi. Kwamba anaamka kabla ya jogoo na kukaa akitazama ukuta. Alisema kichwa kinamtembea ndani kama kina siafu, mgongo unawaka, miguu ni ya mtu mwingine. Akaenda zahanati mara kadhaa. Walimtibu malaria, kisha wakamtibu malaria tena, kisha wakapima presha wakasema iko sawa, aende apumzike. Jirani mmoja alisema amerogwa na wivu wa watu wa ukoo wa mumewe. Mwingine akasema ni uzee, ingawa yeye mwenyewe alimzidi Mwenyekiti umri. Kwa magonjwa ya mwili tulikuwa na majina, na kwa uchawi tulikuwa na majina. Kwa mtu ambaye kila kitu chake kiko sawa isipokuwa yeye mwenyewe, tulikuwa na neno moja, "kujiendekeza", na neno hilo alitufundisha yeye.

Kisha siku moja akaja kwa mama, akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani.

"Pulizeni nyinyi," alisema.

"Kwa nini? Unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Nimechoka kuibeba."

Filimbi ya bati ilikuwa na uzito wa kijiko. Mama aliiweka ndani ya kopo la sukari, na alinieleza baadaye kwamba kuanzia siku hiyo hakutaka kutia sukari kwenye chai.

Basi mwethya ukafanya kile ulichofundishwa. Mwenyekiti ni mgonjwa. Sheria inasema tunamlimia. Wakaenda wote, na hakuna shamba lililowahi kulimwa vile. Walichimba mitaro yake, wakapalilia, wakajaza mapipa ya maji, wakaokota kuni za msimu, wakafagia ua, wakamfulia mpaka mablanketi. Waliimba, tena nyimbo zake. Yeye alitazama kutoka dirishani. Kesho yake hakuamka kitandani. Wakasema, maskini, amezidiwa, wakarudi na kufanya zaidi: wakamvunia mbaazi, wakazipura, wakazitia kwenye magunia. Kadiri walivyomfanyia ndivyo alivyozidi kulala. Mikono iliyokuwa haijui kukaa ilibaki juu ya blanketi, haina hata punje ya kuchambua. Tulimpenda kwa majembe, na kila jembe lilimwondolea sababu moja ya kuamka.

Mimi nilifika likizo ya Agosti, kutoka shule niliyokuwa nikifundisha upande wa Emali. Mama alinituma nikazungumze naye, kwa kuwa nimesoma. Nilikuwa nimesoma kweli. Nilikuwa na rafu nzima ya vitabu kuhusu huzuni ya binadamu, vyote vya watu walioishi mahali penye baridi. Niliketi kando ya kitanda chake nikamweleza kuhusu nafsi, na maana ya maisha, na jinsi mtu anavyoweza kuchagua kutazama upande wa jua. Nilizungumza vizuri. Hata mimi nilijisikia nafuu.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Profesa, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nenda uangalie mbuzi ya mama yako. Nimesikia ikilia tangu uanze."

Nilimwambia mama kwamba mgonjwa bado ana ulimi, kwa hiyo yuko salama. Mama alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nishukuru kwamba ada yangu ya chuo haikutoka mfukoni mwake.

"Hujaelewa," alisema. "Jana wakati wenzangu wanaimba huko nje aliniambia, 'Sasa hata nikifa hakuna kitu itaharibika. Kila kitu iko tayari.' Alisema hivyo kama mtu amemaliza kufunga mzigo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimuuliza. Nilimuuliza wazi: 'Unataka kufa?'"

Nilishtuka. Kwetu swali kama hilo haliulizwi. Tunaamini ukilitaja unalikaribisha. "Akasema?"

"Akasema hana haraka, lakini hakatai." Mama alikuwa analia na amekasirika, vyote pamoja. "Na alilia, mwanangu. Huyo mwanamke hakulia hata tulipozika bwana yake. Alilia akasema, 'Afadhali umeuliza.' Mimi nilikaa na yeye mpaka binti yake akafika, na leo usiku mke wa mchungaji analala huko. Hatumwachi peke yake. Lakini kesho anaenda hospitali ya wilaya, atake asitake."

"Hatakubali. Amesema hataki kupelekwa kwa wendawazimu."

"Nimemsikia. Nina miaka yote hii namsikia."

Asubuhi mama alichukua kopo la sukari, akaenda hadi mlangoni kwa Mwenyekiti, akapuliza filimbi. Alipuliza vibaya, kama mtoto, na kwa hasira. Mbwa walibweka mpaka ng'ambo ya mto. Wanawake wakatoka majumbani na majembe, wengine na watoto, mmoja na mwiko wa ugali, kwa maana sheria ni sheria: utoke na ulicho nacho mkononi. Tukasimama uani. Muda ukapita. Kisha mlango ukafunguka, na Mwenyekiti akatoka, kanga imefungwa ovyo, viatu vya mumewe miguuni, jembe mkononi. Nadhani miguu ilikuwa imetii kabla yeye hajaulizwa.

"Leo zamu ya nani?" aliuliza. Sauti haikufika mbali.

"Yako," mama alisema.

"Kwangu kumeisha. Mmemaliza kila kitu."

"Tumemaliza mchanga. Leo tunaenda hospitali, na wewe ndiye shamba."

"Mimi si kichaa, iveti, wanawake wenzangu."

"Nani amesema kichaa? Ungekuwa kichaa ungetusumbua kidogo kuliko hivi. Weka jembe chini, vaa nguo. Sheria ulitunga wewe."

Alituangalia mmoja mmoja. Niliona anatafuta tusi, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, na hakulipata. Akaweka jembe chini.

Hospitalini tulimkuta mganga wa kliniki, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa na chumba kidogo mwishoni mwa ukumbi. Mama na mimi tuliingia kwa kuwa Mwenyekiti alikataa kuingia bila mashahidi. Yule dada hakumpima presha kwanza. Aliuliza habari ya usingizi, na chakula, na kama anafikiria kufa, kwa sauti ileile ambayo mtu anaulizia bei ya nyanya. Kisha akauliza:

"Mama, kitu gani ilikuwa inakufurahisha, na sasa haikufurahishi tena?"

Mwenyekiti alifikiri sana. Nilidhani atasema maombi, au wajukuu.

"Kugombana," alisema.

Mama alikohoa. Mganga hakucheka. "Na uliacha lini?"

"Mbaazi ikiwa maua."

"Ukipata nafasi ya kugombana sasa, unasikiaje?"

"Nasikia ni mbali. Maneno naona, lakini nikifikiria kunyanyua, naacha."

Yule dada aliweka kalamu chini. Alisema huo ni ugonjwa wa huzuni. Kwamba unaingia mwilini kama ugonjwa mwingine, hauulizi kama mwaka ni wa njaa au wa shibe. Kwamba si uvivu, si laana, wala si imani kupungua. Una dawa, na dawa yake inachelewa kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo asiiache akidhani haina nguvu. Arudi kila alipoambiwa. Vidonge viwekwe na binti yake, na mawazo yale ya kufa yakizidi, waje siku hiyohiyo bila kungoja tarehe. Kisha akamgeukia mama.

"Na nyinyi, mnamfanyia nini nyumbani?"

Mama alitaja kwa fahari: mitaro, maji, kuni, mbaazi, mablanketi.

"Mmefanya vizuri wakati hakuweza kusimama," alisema mganga. "Sasa mwachieni kitu. Kidogo. Kitu ambacho asipokifanya yeye, hakuna atakayekifanya."

Sijawahi kuona agizo la hospitali likiwaumiza watu wazima kama lile. Walimwachia mtaro mmoja wa chini, mfupi, uliokuwa umebomoka tuta. Wanawake walipita pale kwenda mtoni wakigeuza nyuso, kama watu wanaopita mbele ya sahani ya nyama wakati wa kufunga. Mmoja alishikwa akisukuma udongo kwa mguu, akazomewa.

Mwenyekiti alimeza vidonge akilalamika kwamba mdomo umekauka kama mto wetu mwezi wa Agosti. Alitaka kuviacha kabla hata havijaanza, na binti yake akagombana naye peke yake, bila kujibiwa. Wiki zikapita. Halafu akaonekana kwenye mtaro wa chini, ameketi kando yake tu. Kisha akalima hatua chache. Kisha siku moja, nikiwa nimerudi kumwona, mama aliingia ndani mbio, mguu mbovu na vyote, machozi yamemlowesha shingo.

"Nini? Nani amekufa?"

"Amenitukana!" mama alisema, akaketi kwenye gunia. "Ameona mtaro wangu. Amesema hata fuko angekuwa na haya!"

Tulichinja jogoo.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo alikuwa mtu mpya, mwenye huruma kwa walioinamishwa na ulimwengu. Hakuwa. Alirudi kuwa mtu wa zamani, na kwa riba. Filimbi aliidai siku hiyohiyo, akaisugua kwa majivu, akauliza nani aliipulizia makamasi. Na kilichonikera kuliko yote ni kwamba kwa miaka mingi alisema ilikuwa malaria. "Ile malaria yangu ya kichwa," alisema kanisani, na mchungaji, aliyekuwa ameona kila kitu, akaitikia amina. Nilimwambia mara moja kwamba wako wanawake hapa wanaougua vilevile, wakisikia kutoka kwake watajitokeza kutibiwa. Alinisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa.

"Ilikuwa malaria," alirudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Hata hivyo nilisikia, kwa njia za kawaida za kusikia, kwamba mke wa jirani mmoja aliponyamaza baada ya kujifungua, Mwenyekiti alifika kwake asubuhi, akamuuliza kama analala, kama anakula, kama anafikiria kufa, akampeleka mwenyewe kwenye chumba kile kidogo. Huko njiani alimwambia, "Una malaria kama yangu."

Mara ya mwisho nilipozungumza naye kwa kirefu ilikuwa miaka ya tisini, na hatukupanga. Nilikuwa nimekwenda hospitali hiyohiyo kung'oa jino. Nikamkuta kwenye benchi mwishoni mwa ukumbi, peke yake, viatu vya mumewe vimepigwa rangi. Mapajani alikuwa na kiondo, na nyuzi zilikuwa zimelala.

"Mwenyekiti. Nani amekuleta?"

"Mimi." Alisema polepole. "Imerudi."

"Nini imerudi?"

Alinitazama kwa kunitahadharisha. "Malaria."

Niliketi. Kwa mara moja katika maisha yangu sikuwa na hotuba, jambo ambalo sifa yake ni ya jino. "Umejuaje?" nilimuuliza kwa mdomo uliovimba.

"Chai imekosa ladha. Na mama yako juzi alipanda mahindi mistari imelewa, nikapita." Alikisogeza kiondo mapajani. "Nikafika nyumbani nikajiuliza, kwa nini nimepita? Basi nimekuja kabla haijanilaza."

Nesi aliita namba. Haikuwa yake.

"Profesa, ukifika nyumbani waambie hao wanawake. Ile mtaro ya chini, mvua imebomoa tena. Asiguse mtu. Najua watakuja na majembe na nyimbo. Waambie nimesema iachwe hivyo."

"Na filimbi nimpelekee mama?"

"Filimbi gani?" Aliingiza mkono ndani ya blauzi, akaitoa kidogo nione bati, akairudisha. "Hii siwapi."

Nilifika nyumbani alasiri. Walikuwa tayari wamekusanyika shambani kwake, wakongwe sasa wengi wao, majembe begani, kwa kuwa walikuwa wamemwona akienda kupanda gari bila kumsalimu mtu. Nikawapa ujumbe. Wakasogea wote hadi kwenye mtaro wa chini, wakasimama wakiutazama. Tuta lilikuwa limepasuka katikati na udongo mzuri umeanza kuondoka, na upande wa Nuu mawingu yalikuwa yanakusanyika.

"Ni kazi ya dakika," mmoja alisema.

"Amesema usiguse," mama alijibu.

"Akirudi akute hivi, atatutukana mpaka ukoo."

Mama alishusha jembe, akalikalia mpini ili asije akashawishika.

"Mungu akusikie," alimwambia.